Siku Kumi na Mbili Bila Kuosha Mchanga

Kwa miaka miwili na nusu nililipwa mshahara kwa kuosha maji. Kila nilipoitaja kazi hiyo kwetu Izigo, watu walinitazama usoni kuona kama natania. Maji ndiyo yanayoosha, walisema, sasa wewe unayaosha kwa kitu gani? Mjomba wangu, kila tulipokutana njiani tukitoka kanisani, aliniuliza kama nimeshapandishwa cheo na kuanza kuyaanika. Mara mbili za kwanza nilicheka naye. Baada ya hapo nikawa napita njia ya nyuma, katikati ya mibuni ya jirani, ili nisimkute.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, ile ya mwishoni, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwishoni. Wazungu wa Bukoba walikuwa na klabu yao upande wa ziwani, na ndani ya ua wake walijenga bwawa la kuogelea, la saruji, hatua thelathini kwa kumi na mbili. Ziwa lenyewe lilikuwa pale pale, unalisikia ukiwa umesimama ukingoni mwa bwawa. Nilipouliza kwa nini wachimbe shimo na kulijaza maji wakati Mungu amekwisha kuwachimbia jingine, niliambiwa habari za mamba na kichocho. Sawa. Lakini maji ya kujaza shimo lile yalitoka mto Kanoni, na mto huo wakati wa mvua hubeba udongo wa kila shamba unalopita. Tena maji yakisimama juani siku nne huota ukijani. Kwa hiyo ilibidi yasafishwe, na mtu wa kuyasafisha nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza injini kwenye mashine ya kukoboa kahawa.

Mashine ya bwawa naweza kuieleza hata leo nikiwa nimefumba macho. Chini kabisa, upande wa kina kirefu, kulikuwa na tundu lenye wavu wa chuma. Injini ya dizeli ilizungusha pampu, na pampu ikayavuta maji kupitia tundu hilo hadi kwenye kibanda changu. Kwanza yalipita kwenye kikapu cha bati chenye matobo, ambacho kilikamata majani, nywele, na mwezi wa Novemba kilikamata senene, wale panzi wa kuliwa. Novemba yangu ya kwanza nilikuta kikapu kimejaa senene waliofuata taa za klabu wakaangukia majini, na mpishi wa klabu akaja na sufuria akitaka nimmiminie. Nikamwambia wamekunywa dawa. Akasema atawaosha. Pale klabuni kila mtu alijiona fundi wa kuosha.

Kutoka kwenye kikapu maji yalisukumwa ndani ya tangi la chuma lililonipita urefu. Ndani ya tangi hilo hamkuwa na kitu cha ajabu: chini mawe, juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto mchanga mwingi wa kufika kiunoni. Maji yaliingia kwa juu, yakashuka polepole kupitia mchanga, uchafu ukabaki juu, na maji yakatokea chini kurudi bwawani. Ni hayo tu. Palikuwa pia na mtungi mdogo wa shabu iliyoyeyushwa, shabu ile ile ya dukani, ambayo ilidondokea ndani ya bomba kidogo kidogo ili ule udongo mwepesi ushikamane na kuwa mapande ambayo mchanga unaweza kuyazuia. Mwisho ilitiwa klorini, dawa ya unga mweupe. Kazi ya dawa hiyo ilikuwa kuua vijidudu. Kung'arisha maji haikuwa kazi yake, ingawa mimi nilichelewa kulielewa hilo.

Juu ya tangi kulikuwa na saa ya presha yenye mshale mmoja na alama nyekundu. Uchafu ukizidi juu ya mchanga, maji yanapita kwa shida na mshale unapanda. Ukifika kwenye nyekundu unafunga koki mbili na kufungua nyingine mbili. Hapo maji yanaingia kwa chini, yanauinua mchanga na kuutikisa, na uchafu unatoka kwa juu kwenda mtaroni. Fundi Mhindi aliyekuja na meli kutoka Mwanza kuifunga mashine alinionyesha mara tatu, akanifanya nirudie mara tatu, akabandika maelezo ukutani, kisha akarudi na meli yake. Karatasi ile ilisema: osha mshale ukifika kwenye nyekundu. Niliisoma mwenyewe, nikaielewa vizuri, na sikuifuata.

Sikuifuata kwa sababu ya malezi. Nyumba za kwetu zilitandikwa majani sakafuni, na mama yangu hakuwa mtu wa kusubiri majani yachakae. Akisikia mgeni yuko njiani, hata kama yaliyopo yametandikwa juzi, alishika mundu akaenda kukata mapya. Kumketisha mgeni juu ya majani yaliyokwisha kukanyagwa ilikuwa aibu ambayo angeizungumza mwezi mzima. Mimi nimekulia humo. Nikifikiri kwamba watu wataingia kwenye maji yaliyopita katika uchafu wa jana na juzi, nilijisikia vibaya kabisa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika klabuni, niliosha mchanga.

Katibu wa klabu, Mwingereza mwembamba aliyetembea kana kwamba amechelewa mahali, alifurahi mno. Hakuwa amewahi kuona mfanyakazi anayetangulia kazi. Alinipa daftari, akachora mistari kwa rula, akaniambia kila siku nikimaliza kuosha niweke alama ya vema na tarehe. "Kila siku," alisema akiinua kidole. Basi amri ya kuosha kila siku ilitokana na mimi mwenyewe. Nataka hilo lijulikane mapema, maana mbele nitamlaumu sana yeye.

Nilikuwa nimepanga chumba Kahororo, pale pale Bukoba. Mke wangu alibaki Izigo kwa wazazi wangu pamoja na binti yetu, aliyezaliwa miezi michache kabla sijaanza kazi. Nyumbani nilikwenda mara moja kwa mwezi, Jumamosi hadi Jumapili. Mtoto alipoanza kukimbia na kusema, alikuwa akiniona naingia kwenye kibanja, shamba letu la migomba, anatimua mbio kwenda ndani kutangaza, "Omugenyi," yaani mgeni, na papo hapo mama yangu anachukua mundu. Nikaketi juu ya majani mabichi yanayonukia, ndani ya nyumba ya baba yangu, huku mwanangu amejificha nyuma ya gauni la mama yake akinichungulia kwa jicho moja. Jumapili moja alinisogelea, akaweka mkono gotini kwangu, akaniuliza, "Utaondoka lini?" Mama yake akamkaripia kwamba mgeni haulizwi hivyo. Hakumwambia kwamba mimi si mgeni.

Ndipo niliposikia kwamba Muleba kunaletwa pampu ya maji na wanatafuta mtu wa kuitunza. Kulikuwa na nyumba ya mtunza pampu, vyumba viwili na jiko la nje. Ningewachukua mke wangu na mtoto tukakae pamoja kama watu wengine. Walichotaka ni barua kutoka kwa bwana uliyemtumikia. Nikamwendea katibu. Akaniambia atanipa barua nzuri, lakini baada ya mashindano ya kuogelea ya mwisho wa mwaka, kama maji yatakuwa safi.

Alikuwa ametoka likizo kwao, na huko alikuwa ameona bwawa ambalo maji yake yanaonyesha mpaka chini. Kabla ya safari ile hakuna aliyelalamika. Maji yetu yalikuwa na ukungu, nao waliogelea ndani ya ukungu wakashukuru. Sasa alikuja na sahani ya bati, nyeupe yenye ukingo wa bluu, akaiachia upande wa kina kirefu. Tulisimama wawili kuitazama. Ilishuka ikiwa nyeupe, ikawa ya kijivu, ikapotea kabla ya kufika katikati. "Nataka kuiona ikiwa chini," alisema, akaenda zake. Mimi nikabaki kuitafuta kwa wavu wenye mpini mrefu, kwa sababu kuogelea sikujua, na hata ningejua, bwawa lile halikuwa la kuoga mtu kama mimi.

Nilifanya kile ambacho mtu wa malezi yangu angefanya. Nilianza kuosha mchanga asubuhi na jioni. Maji yakazidi kuwa meupe, kama yale ya kusuuzia chombo cha maziwa. Nikaongeza shabu. Yakawa vile vile. Nikaongeza dawa, mabibi wakatoka bwawani macho mekundu kama waliotoka msibani, na katibu akaja kibandani kuniuliza nimeweka nini. Nilifungua kifuniko cha tangi nikaushika mchanga kwa mikono yangu: ulikuwa safi kuliko wali. Ningeweza kuutia mdomoni. Mchanga safi, injini nzima, pampu nzima, na maji machafu. Nilikaa juu ya pipa la dizeli nikautukana ule mchanga kwa Kihaya, kwa sababu Kiswahili changu cha shule hakikuwa na matusi ya kutosha.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba niliyakumbuka maji ya wiki ile ya kwanza, fundi alipokuwa bado yupo. Siku zile wavu wa chuma kule chini ulionekana mpaka misumari yake. Fundi hakuosha mchanga hata mara moja wiki nzima. Nililikumbuka na hilo pia, nikalipita, nikijiambia kwamba maji yalikuwa safi kwa sababu mashine ilikuwa mpya.

Zikiwa zimebaki karibu wiki mbili kabla ya mashindano, nilikwenda Izigo. Mdogo wangu wa kike alikuwa anapata kipaimara, na baba yangu alikuwa anakamua ndizi. Juisi tu, omuramba, isiyolazwa; baba alikuwa mzee wa kanisa na pombe ya rubisi ilikwisha kuhama nyumbani kwetu. Ndizi zilizoivishwa shimoni zilikuwa zimemenywa na kutiwa kwenye mtumbwi wa kukamulia, ule wa gogo lililochongwa, na baba alikuwa ndani yake akizikanyaga pamoja na majani makavu. Mimi nilipewa kazi ya kuchuja. Unabana majani shingoni mwa kibuyu, unamimina juisi juu yake, na inapita taratibu kuingia ndani.

Juisi ya kwanza ilipita ikiwa na ukungu. Nilipoiona rangi ile nilishikwa na hasira ya ajabu, maana ilikuwa ile ile niliyoiacha Bukoba. Nikayang'oa majani shingoni, nikayatupa, nikanyoosha mkono kuchukua mapya.

"Unafanya nini?" baba akauliza kutoka mtumbwini.

"Yamechafuka, Tata. Nabadilisha."

"Yameanza kushika ndiyo unayatupa? Yarudishe hayo. Na hiyo iliyotangulia imwage tena juu."

"Lakini yamejaa makapi."

"Hayo makapi ndiyo yanayochuja," alisema, na alisema kama mtu anayemweleza mpumbavu. "Majani matupu yanazuia nini? Rudisha."

Niliyaokota chini, nikayapangusa, nikayabana tena, nikamimina ile juisi ya kwanza upya. Ikapita polepole zaidi. Ikatoka safi. Nikamimina nyingine, nayo ikatoka safi zaidi, na majani yale yakazidi kuwa machafu. Nilisimama pale mikono inanata, nzi wananitambalia, nikaiona mashine yangu yote tangu koki hadi koki. Ule utando wa uchafu juu ya mchanga ndio uliokuwa unauzuia udongo mwembamba. Mchanga mtupu una nafasi kati ya chembe na chembe, na udongo ule unapenya humo bila shida. Kila asubuhi utando ulipoanza kujijenga, mimi nilikuwa naubomoa na kuumwaga mtaroni, na kuandika vema.

Nadhani mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika. Miaka miwili na nusu nimeharibu maji kwa bidii. Kama ningekuwa mvivu kidogo tu, kama ningelala siku nne, bwawa lingeng'aa na mimi ningekuwa Muleba. Nilimweleza baba, nikitegemea sijui nini. Alisikiliza huku akiendelea kukanyaga.

"Sasa huko Bukoba walikufundisha nini," alisema, "ambacho hukukifanya hapa tangu una miaka kumi?"

Nilirudi Jumatatu na sikuosha mchanga. Nilijaribu kumwambia katibu kwanza, Mungu ni shahidi wangu. Nilimkuta barazani na karatasi za mashindano, nikasimama mpaka aliponiona.

"Umeosha?" akauliza.

"Bwana, nilitaka kueleza jambo kuhusu mchanga. Mchanga ukiwa safi sana..."

"Umeosha au hukuosha?"

"Leo bado, Bwana, kwa sababu..."

"Basi kaoshe." Akarudi kwenye karatasi zake.

Sikwenda kuosha. Nilikwenda kibandani nikaketi mbele ya saa ya presha, nikaitazama siku nzima. Mshale ulikuwa chini kabisa, mbali na nyekundu. Jioni nilifungua daftari, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Mpishi alikuwa amekuja kuwasha sigara yake kwenye injini. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Kahororo, jirani yangu, mtu aliyenitakia mema, na nilikuwa nimemweleza kila kitu.

"Weka vema, ndugu yangu," alisema. "Nani atajua? Maji yakisafika utapata barua yako, yasiposafika hutapata. Hiyo alama haisafishi kitu."

Alisema kweli tupu. Hata leo nikilipima jambo lile naona alisema kweli. Lakini niliandika: Sikuosha. Kesho yake nikaandika tena: Sikuosha. Ningependa kusema ulikuwa uaminifu niliofundishwa Jumapili, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilitaka siku maji yatakapong'aa, daftari lenyewe liseme yameng'aa kwa nini. Nilikuwa nimetaniwa vya kutosha. Nilitaka iandikwe mahali kwamba nimeyaelewa maji.

Siku ya tatu niliona ngazi ya pili. Siku ya tano niliona ngazi zote nne. Siku ya saba, asubuhi, jua likiwa upande, niliona mstari mweusi uliochorwa sakafuni upande wa kina kifupi, nikaufuata kwa macho hadi ulipoingia gizani. Mshale ulikuwa umepanda kidogo, nusu ya njia. Nilipunguza shabu, nikapunguza dawa. Mikono yangu haikuwa na la kufanya, na hiyo ilikuwa shida kubwa kuliko nilivyotegemea. Kila nilipopita karibu na koki vidole viliniwasha. Nilifagia kibanda mara tatu kwa siku, nikapiga rangi mlango ambao haukuhitaji rangi. Usiombe kulipwa mshahara wa kutofanya jambo unalolijua.

Siku ya kumi niliiachia sahani. Ilishuka, ikayumba, ikatua karibu na wavu wa chuma, na pale chini niliuona ukingo wake wa bluu. Niliketi ukingoni nikaitazama kwa muda mrefu. Nilimwita mpishi, naye akatazama, akasema ingekuwa vizuri ningeiweka na samaki juu yake.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya mashindano, na siku hiyo niliandika daftari asubuhi mapema. Walikuja wageni wa Mwanza na wa Kampala. Katibu alifika mapema, akasimama penye kina kirefu, na nikamwona ameinama, ameshika magoti, anatazama chini kama mtu aliyeangusha pete. Kisha akanigeukia akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka. Alinipa mkono, mbele ya watu. Nilisikia anawaambia wageni kwamba huyu ndiye anayeosha mchanga kila siku, bila kukosa, na kwamba siri yote iko hapo. Halafu, kwa fahari yake, akawaleta watatu kibandani kuwaonyesha daftari.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwenye rangi yangu mpya. Alifungua, akageuza kurasa za zamani zilizojaa vema, vema, vema, akawaonyesha. Akageuza ukurasa wa mwisho. Kiswahili cha kusoma neno lile alikuwa nacho, maana ni neno moja, na lilikuwa limeandikwa mara kumi na mbili, moja chini ya jingine, kwa mwandiko wangu bora. Mgeni mmoja akauliza linamaanisha nini. Masikio ya katibu yalianza kuwa mekundu, kisha shingo.

"Hukuosha," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Ndiyo maana maji ni safi."

"Siku kumi na mbili umewaacha watu waogelee kwenye uchafu."

"Uchafu umebaki kwenye tangi, Bwana. Unashika mwingine. Mshale bado haujafika kwenye nyekundu. Tazama karatasi ya fundi." Nilimwonyesha ukutani. Karatasi ilikuwa pale pale, imepata madoa ya dizeli, na maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, lugha yake mwenyewe. Hakugeuza kichwa.

"Nilikwambia kaoshe," alisema kwa sauti ndogo. "Ukaenda kulala."

Mgeni mmoja alikohoa, mwingine akasema kitu kuhusu watu wa huku, wakatoka. Nje filimbi ilipigwa na watu wakajitupa kwenye maji yale ambayo ungeweza kuhesabu mistari ya sakafu yake. Walipiga makofi. Nilisikia mwanamke mmoja akisema hajawahi kuona maji kama haya upande huu wa ziwa. Nilikuwa na hasira naye pia, yule mwanamke wa watu, ambaye hakunikosea kitu.

Jumatatu nilipewa mshahara wangu wa mwisho na barua. Alitimiza ahadi, barua niliipata. Baadaye mpishi aliniambia kwamba aliyenirithi aliosha mchanga kila siku na kuweka vema kila siku, na kwamba kabla ya Pasaka hata ngazi ya pili ilikuwa haionekani. Nilimwomba asiniletee tena habari hizo.

Barua niliisoma nikiwa barabarani. Ilisema kwamba mimi ni mwaminifu, ni msafi, injini naijua, na ni mvivu. Nilifikiria kuichana, lakini bila barua hata dirishani kwa karani usingefika. Nikapanda lori la kahawa kwenda Muleba. Lilipita Izigo saa nne asubuhi, na nilijikunja nyuma ya magunia nisionekane na mjomba, kwa sababu nilikuwa bado nimepanga kurudi nyumbani hapo nikiwa na ufunguo wa vyumba viwili mfukoni.

Karani wa Muleba alikuwa Mhaya mwenzangu, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Alisoma barua hadi mwisho, akarudia mstari wa mwisho, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko masikio mekundu ya katibu.

"Waitu, ndugu yangu, hapa wameandika mvivu," alisema.

Nilimweleza. Nilianza na mawe ya chini, nikaja kokoto, nikaja mchanga, nikamweleza utando, nikamweleza majani ya baba kwenye kibuyu. Nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema maishani. Nyuma yangu watu walianza kusogea kusikiliza. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja barua kwa mikunjo yake ile ile.

"Kwa hiyo kwa siku kumi na mbili hukufanya kitu," alisema, "na maji yakasafika yenyewe."

Niliuliza kama naweza kumwona bwana mwenye pampu. Alisema bwana yuko safari. Niliuliza anarudi lini. Alisema hata akirudi, ataanza kwa kusoma barua.

Nilirudi Izigo sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu, nikafika kesho yake mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Binti yangu alikuwa anacheza mwanzo wa kibanja, chini ya migomba. Aliniona, akasimama, akatimua mbio kwenda ndani. "Mawe," nilimsikia akiita, yaani mama, "omugenyi." Nilipofika mlangoni mama yangu alikuwa ameshatoka na mundu mkononi, anafunga kitambaa kichwani, ananilalamikia kwamba sikutuma neno, sasa angalia nyumba ilivyo.

Niliangalia. Majani ya sakafuni yalikuwa ya wiki moja, yamekuwa ya njano, yamelala kwa kukanyagwa, na katikati palikuwa na njia mbili tatu nyembamba ambazo watu wa nyumba ile walikuwa wamezitengeneza kwa miguu yao bila mimi. Nilimshika mama mkono wenye mundu.

"Acha, Mawe," nilimwambia. "Haya haya yanatosha."

Hakunielewa mara moja. Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alinielewa, nikaona anayatazama mabegi yangu yote mawili. Niliketi chini pale pale karibu na mlango. Mtoto alitoka nyuma ya gauni, akayatazama majani, akanitazama mimi, akasogea, akaweka mkono gotini kwangu na kuniuliza nitaondoka lini. Safari hii mama yake hakumkaripia, alisubiri na yeye kusikia, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa na siku ya kumtajia.